Mdogo Wangu wa Muheza, Kabla Hujanunua Kinanda

Alhamisi usiku nilikuwa nimekaa barazani na kahawa yangu na kashata mbili, simu ikalia. Ujumbe kutoka namba nisiyoijua:

"Shikamoo kaka. Mimi niko Muheza, nazifuatilia sana video zako. Nina milioni moja na laki mbili, tumeuza machungwa. Nataka kinanda chenye staili nyingi, cha kupigia harusi. Nichukue kipi? Naomba unijibu haraka kaka, maana pesa haikai."

Pesa haikai, hapo kasema kweli. Na kumjibu ningeweza kumjibu kwa mistari miwili: chukua hiki, duka liko pale, salamu kwa wazee. Lakini lile neno "staili" lilinikaa kooni kama mwiba wa changu. Kahawa ikapoa. Maana huyu kijana ni mimi. Ni mimi mtupu, tofauti yetu ni machungwa tu. Mimi changu nilikinunua kwa pesa ya mchezo wa bibi yangu, ambayo sikuirudisha kwa wakati, na hayo ni mambo ya siku nyingine.

Basi mdogo wangu, na wengine wote mnaoniandikia kuhusu kinanda, jibu langu ni refu. Kaeni.

Kwa wasiojua: staili ni ule mdundo unaokuja ndani ya kinanda chenyewe. Unabonyeza kitufe, ngoma zinaanza, besi inatembea, gitaa linadakia. Mkono wa kulia unapiga wimbo. Mkono wa kushoto unagusa funguo mbili tatu tu, mashine inajua unataka kodi gani (si ile ya TRA, ni zile sauti tatu au nne zinazolia pamoja), inakupangia bendi nzima nyuma yako. Kuna na kitufe kingine kinaitwa transpozi. Mwimbaji akitaka kupanda au kushuka, huhangaiki, unabonyeza transpozi, vidole vyako vinabaki palepale ulipovizoea. Kuna watu wamepiga harusi miaka ishirini na duniani wanajua kii moja tu, yaani ngazi moja ya sauti ya kupigia wimbo, ile ya si (C). Nawajua. Nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa naitwa "Profesa".

Nimekulia Ngamiani, kwenye nyumba ya bibi. Babu alikuwa mtu wa dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za hapahapa Tanga, ukimwambia habari za bendi za Dar anakutazama kama umemtukana. Bibi alikuwa mtu wa tarabu. Kanda za Black Star na Lucky Star alizifunga kwenye kitambaa kama hirizi, na sauti ya Shakila ikianza hakuna mtoto kukohoa. Ndiyo maana nasema sikio langu lilifundwa mapema. Watoto wengine walikuwa wanasikiliza maneno ya wimbo. Mimi nilikuwa namsikiliza yule mtu wa kinanda aliyekaa nyuma, anayejibu mwimbaji akimaliza mstari.

Lakini bibi huyohuyo ndiye aliyenifunza kuuchukia mkono wa kushoto. Nadhani ninyi mliolelewa pwani mnanielewa bila maelezo. Usipokee kwa kushoto. Usimpe mtu kitu kwa kushoto. Ukila, kushoto kukae chini, kutulie, kusionekane. Mimi nilizaliwa naelekea kushoto kidogo, na madrasa nilichapwa viganja mpaka penseli ikahamia kulia. Sina kinyongo, ndivyo watoto walivyolelewa. Nasema tu kwamba nilipofika miaka tisa mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshajua nafasi yake nyumbani kwetu: ni mkono wa chooni, na wa kushikia ndoo ya pili.

Jirani yetu nyumba ya tatu alikuwa mwalimu wa kwaya. Mkristo, mpole, mtu wa shati la mikono mirefu hata Januari. Alikuwa na kinanda kidogo cha betri, baadhi ya funguo zake zimekufa kabisa, ukizigusa zinatoa sauti ya plastiki tu. Nilianza kwa kuchungulia dirishani. Baadaye nikawa naingia. Bibi alijua, akajifanya hajui, mradi nisikose madrasa. Mwalimu alinifunza kwa do re mi, kama kwaya zote zinavyofunzwa, sauti nne: soprano na alto kwa mkono wa kulia, tena (ile sauti ya juu ya wanaume) na besi kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia nilikuwa moto. Sijisifu, au najisifu, sawa tu: nyimbo anazopiga asubuhi, jioni nimeshazijua bila kusoma. Kisha anasema, "Vizuri. Sasa kushoto." Napiga kushoto. Anatikisa kichwa. "Kushoto bado."

Kushoto bado. Maneno hayo niliyasikia kila siku kwa miezi minane, mpaka nikachoka, nikaacha kwenda. Nilimwambia nina mitihani. Nilikuwa darasa la tano, sina mtihani wowote.

Miaka ya katikati naiacha. Shule, baba kuhamia Korogwe, kazi kidogo bandarini, hakuna la kusikiliza hapo.

Nilipopata kinanda changu mwenyewe chenye staili, nikahisi nimeokoka. Sikiliza furaha ya mtu aliyeambiwa "kushoto bado" miezi minane, kisha anapewa mashine inayosema: kushoto niachie mimi. Nilikaa ndani siku tatu. Wiki iliyofuata nikapiga kwenye sendofu Makorora. Baada ya miezi sita nikaingia bendi, jina silitaji, ya tarabu ya kisasa, tunazunguka Tanga, Muheza, Korogwe, Pangani, mpaka Lushoto kwenye baridi. Kina mama walinitunza noti kifuani, nikarudi nyumbani natoa elfu tano-tano kwenye kola ya shati. Bibi alikuja kunitazama mara moja Tangamano, akakaa mbele na baibui lake, akarudi akasema, "Unapiga vizuri, lakini huyo mwenye besi ni nani? Sijamwona." Nikacheka. Nikamweleza ni mashine. Akasema "aaah", ile "aaah" ya watu wazima.

Nilipaswa kuisikia vizuri ile "aaah".

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, na nitalisema kwa sababu vijana mnaniuliza kila mara, "Kaka, kwa nini uliacha bendi?" Nilitunga wimbo. Nilikuwa nimeuchukua kwenye mlio ambao bibi alikuwa anauguna akipepeta mchele, nikaugeuza, nikauongezea kiitikio, nikaupigia staili namba fulani iliyokuwamo kwenye kinanda. Mazoezini watu wakaupenda. Kiongozi wa bendi akanikumbatia. Miezi miwili baadaye nikausikia kwenye daladala ya Chumbageni, umerekodiwa, umetajwa kwa jina la kiongozi wetu. Nikashuka kabla ya kituo changu. Nilitembea mpaka nyumbani juani, na mpaka leo mwili unanisisimka nikipita ile barabara.

Nilipomfuata akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Wewe uliimba mlio. Mdundo ni wa kinanda, besi ni ya kinanda, magitaa ni ya kinanda. Sasa chako hapo ni kipi?"

Ni mwizi. Naandika hivyo na sifuti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na mlio uliotungwa na mtu ni mali ya mtu, uwe na besi usiwe na besi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na huu ni wa bure: ukitunga, rekodi kwenye simu siku hiyohiyo, taja tarehe kwa sauti yako, jitumie, kisha nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukasajili. Mimi sikufanya hata kimoja. Nilikuwa "Profesa".

Lakini nikiwa peke yangu usiku, mdogo wangu, lile swali lake lilinirudia kwa njia nyingine. Chako hapo ni kipi? Mwizi anaweza kuuliza swali la haki. Wimbo wangu ulikuwa nusu. Nusu ya juu yangu, nusu ya chini ya kiwanda, na kinanda cha aina ileile kilikuwa kwenye kila bendi ya mkoa huu. Aliyekuwa anauchukua hakupata kazi ya kuubomoa. Aliubeba kama kiti cha plastiki.

Hapo bado sikuwa nimejifunza. Nilikuja kujifunza Bagamoyo.

Mtu mmoja aliona video yangu akanipigia. Kuna chakula cha jioni, familia ya watu wazito, ukumbi mdogo karibu na Mji Mkongwe, anataka muziki wa taratibu wakati wageni wanakula, kisha dada mmoja ataimba nyimbo tatu. Akasema, "Usisumbuke kubeba kinanda, piano ipo." Nikasema hamna shida. Sijui kwa nini nilisema hamna shida. Nikapanda basi asubuhi, Segera, Mkata, nikashuka Msata, nikachukua gari la Bagamoyo, nimevaa kanzu mpya na koti, nimebeba mfuko tu kama waziri.

Piano ilikuwa piano. Ya mbao, ya kusimama, imepauka kwa hewa ya bahari. Kwa wasioijua: piano halisi haina waya wa umeme. Ina funguo 88, nyeupe 52 na nyeusi 36, na nyuma ya kila ufunguo kuna nyundo ndogo iliyovikwa sufu, inapiga nyuzi za chuma zilizovutwa. Nyuzi zenyewe zinapita 200. Ukigusa taratibu inanong'ona, ukigandamiza inanguruma. Yote inatoka kwenye kidole chako. Hayo nayajua leo. Siku ile niliinama nyuma yake nikawa natafuta soketi. Kijana aliyekuwa anapanga viti akaniuliza, "Kaka umepoteza nini?" Nikasema, "Swichi iko wapi?"

Alidhani namtania. Akacheka. Na mimi nikacheka.

Wageni wakaingia. Nikaanza. Mkono wa kulia ukatoka vizuri, peke yake, kama mtu aliyetoka bafuni anadhani nyumba ni tupu. Chini yake hakuna kitu. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna fidla. Mkono wa kushoto ukagusa zile funguo tatu ulizozoea kugusa, ukangoja mashine ianze. Mashine haipo. Ukagusa tena. Tii, kimya. Tii, kimya. Mzee mmoja aliacha kijiko hewani.

Kisha dada mwimbaji akaja, akainama sikioni kwangu, akanong'ona kwa adabu kabisa: "Nipe bii flati." Bii flati ni kii nyingine, na yangu mimi ilikuwa kwenye kitufe cha transpozi, na kitufe cha transpozi kilikuwa Tanga, juu ya kabati.

Sikumaliza wimbo wa kwanza. Mwenye shughuli alikuja akaniwekea mkono begani, akasema nipumzike kidogo, wakachomeka flashi kwenye spika. Alinilipa nusu na hakuniambia neno baya. Hilo ndilo lililoniua. Angenitukana ningepata la kujibu. Watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Bagamoyo nilifika saa kumi nikaondoka saa mbili usiku. Kuhusu jina la mji ule na moyo kubwagwa sisemi kitu, mzaha huo kila mtu ameshaufanya.

Sasa kwenye gari la kurudi Msata, nimekaa dirishani, sitaki kuongea na mtu, rafiki yangu mmoja ambaye hajui yaliyonipata akanitumia sauti. Jina juu yake: Abdullah Ibrahim. Nikadhani ni kaswida. Nikasema haya, Mungu kanitumia kaswida, nisikilize nitubu. Nikaweka visikilizio. Ikaanza piano.

Nilisikiliza dakika zile 13 hivi za "Mannenberg" nikarudia, nikarudia, mpaka chaji ikaisha karibu na Mkata. Wengi mnaujua wimbo ule hata kama hamjui mnaujua. Kodi chache tu zinazunguka, do, fa, do, so, kama mzee anayezunguka nyumba yake jioni kufunga madirisha. Nilichosikia mimi ni mkono wa kushoto. Unatembea. Haukimbii, hauchoki, saksofoni inakuja juu yake inakwenda inarudi, wenyewe upo palepale. Nikajua hicho ndicho nilichokuwa sina.

Nikaanza kumsoma. Nisimulie kidogo, kwa sababu vijana mnanitajia wapiga piano wa Ulaya ilhali huyu ni wa bara letu. Amezaliwa Cape Town mwaka 1934, jina la kuzaliwa Adolph Johannes Brand. Bibi yake, naomba muweke alama hapo, bibi yake ndiye aliyekuwa anapiga piano kanisani, kanisa la AME (African Methodist Episcopal), na mtoto akaanza kufunzwa piano akiwa na miaka 7. Kwa hiyo msingi wake ni zilezile nyimbo za kanisani za sauti nne: tena na besi kwa kushoto. Zilezile nilizozikimbia nyumba ya tatu kutoka kwetu! Ujanani wakamwita Dollar Brand. Ni mji wa bandari kama Tanga, meli zinakuja na mabaharia wa Kimarekani, yeye anawafuata kununua sahani za jazi. Mwaka 1959 yuko kwenye bendi ya Jazz Epistles na kina Hugh Masekela na Kippie Moeketsi, na mwanzoni mwa 1960 wakarekodi albamu ya jazi ya kwanza ya wanamuziki weusi wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo yakatokea mauaji ya Sharpeville, polisi wa serikali ya ubaguzi wakawapiga risasi waandamanaji, hewa ikawa nzito, na mwaka 1962 akaenda Ulaya.

Sasa hapa Zurich, Uswisi, ndipo ninapopapenda. Yuko kwenye klabu moja anapiga usiku, si maarufu, baridi. Mwaka 1963 Duke Ellington, gwiji wa jazi wa Marekani, anapita mjini na bendi yake. Mwenzake Abdullah, mwimbaji Sathima Bea Benjamin, ambaye baadaye walioana, anakwenda kumsihi Ellington aje amsikilize. Anakuja. Anasikia. Anawapeleka Paris kurekodi, na albamu inatoka na jina la Ellington juu yake kama mdhamini. Vijana mkisikia hadithi hiyo mnasema, "Unaona, lazima uwe na koneksheni." Ninyi mnaona koneksheni. Mimi naona mtu aliyeitiwa msikilizaji mkubwa kuliko wote duniani, bila taarifa, na akawa na kitu cha kumsikilizisha. Bagamoyo mimi pia niliitiwa wasikilizaji. Nilikuwa natafuta swichi.

Mwaka 1968 akasilimu, akawa Abdullah Ibrahim. "Mannenberg" wameirekodi mwaka 1974 nyumbani Cape Town, kwa piano ya kusimama ambayo nyundo zake zilikuwa zimechomekwa pini za chuma, ndiyo maana inalia kama kengele ya mbali. Anacho kitu hakijakamilika, anakitumia hivyohivyo. Wimbo ukawa kama wimbo wa taifa wa watu waliokuwa hawana taifa la kuwaita watu. Mwaka 1994 Mandela anaapishwa, yeye anapiga.

Basi nikarudi Tanga, nikaenda nyumba ya tatu.

Mwalimu amezeeka. Amestaafu, macho yamepungua, shati bado mikono mirefu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kuomba radhi kwa uongo wa mitihani. Nikampa shikamoo, nikamwambia mwalimu nimerudi. Akauliza, "Tuliishia wapi?" Nikasema kushoto bado. Akasema, "Haya, vuta kiti."

Dawa yake ilikuwa moja. Funga mkono wa kulia. Kweli, kufunga. Nilichukua kanga ya bibi, nikaufunga mkono wa kulia kiunoni, nikapiga besi na tena peke yake, wimbo mmoja wa kanisani wenye beti nne, simu ikigonga mapigo 60 kwa dakika. Bibi akaingia siku ya pili akanikuta: kanga yake imefunga mkono ulio mwema, na mkono wa chooni unafanya kazi peke yake. "Astaghfirullah," akasema, akasimama mlangoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe na huyu alikuwa ana kazi yake," akatoka. Hajaniomba ile kanga mpaka leo.

Miezi kumi na minne iliyofuata sina la kusimulia. Ni kushoto tu. Harusi nilizikataa, njaa niliiona, marafiki walidhani naumwa.

Nije kwenye leo, ili usidhani nakupigia hadithi ya msiba. Mwezi uliopita nilipiga hoteli moja Raskazone, saa mbili mfululizo, kwa piano ya umeme ya funguo 88 niliyoinunua mtumba, bila staili hata moja, bila transpozi. Mzee mmoja mgeni wa Mombasa aliacha meza yake akaja mpaka nilipo, akainama, akachungulia nyuma ya spika. Nikamuuliza, "Mzee umepoteza nini?" Akasema, "Namtafuta mpiga besi." Nikainua mkono wa kushoto nikampungia.

Kwa kushoto, ndiyo. Bibi anisamehe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri. Usininukuu vibaya kwamba staili ni haramu. Harusi inataka ngoma, na ukiitwa Mabawa usiku wa Jumamosi ukapige nyimbo za taratibu bila mdundo utapigwa wewe. Chukua kinanda. Lakini ukifika dukani usianze kuhesabu staili, anza kugusa funguo. Gusa taratibu, kisha gandamiza: kama sauti ni ileile, kiache, hicho hakikusikii. Funguo zisipungue 61. Piga kila ufunguo mmoja mmoja mbele ya muuzaji, hata akinuna. Uliza tundu la kuchomekea pedeli ya mguuni lipo. Ukifika nyumbani kifunike kwa kanga, hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma na vyuma. Bei sikutajii, zinapanda kila nikiamka.

Kisha mwezi wa kwanza usiguse kitufe cha staili. Kushoto. Mwezi wa pili, wimbo mmoja uujue kwenye kii tatu bila transpozi, na kushoto. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, wazee walisema, na ninyi mnataka kuchinja, kuchuna na kugawa nyama kwa mkono mmoja kisha mnaweka video mtandaoni. Nazitazama hizo video zenu. Kamera iko upande wa kulia siku zote. Mnadhani hatuoni? Mnaficha kushoto kama nilivyofunzwa kuficha mimi, tofauti ni kwamba mimi nilichapwa, ninyi mmejificha kwa hiari. Na mnataka kutunga. Mtatunga nini, na nusu ya nyumba yenu imejengwa kiwandani? Atakuja mtu ataibeba, na mtalia kwenye daladala kama nilivyolia mimi, na mwizi atakuwa na swali la kuwauliza.

Nimepandisha sauti. Ni kahawa.

Haya yote nilimwandikia kijana wa Muheza kwa ufupi usiku uleule wa Alhamisi, nikamwambia makala ndefu itakuja. Akajibu, "Asante sana kaka, nimekuelewa, nitazingatia mkono wa kushoto." Nikalala vizuri.

Jana jioni kanitumia sauti. Amenunua. Nimesikiliza: ngoma zinapiga, besi inatembea, magitaa mawili, fidla, na kwa mbali nadhani hata tarumbeta. Mkono wa kulia una utamu, siwezi kusema uongo, kijana ana sikio. Nikamwandikia neno moja tu: "Kushoto?"

Alama zikawa za buluu. Ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena anaandika.

"Kaka, umejuaje?"